Mtumwa na Mtume: Swali la Kutumwa katika Bonde la Ufa

Neno mtumwa, ambalo ndilo jina la kawaida la Kiswahili kwa binadamu aliyepokonywa uhuru wake na kuwekwa chini ya mamlaka ya binadamu mwenzake, halitokani na kununua wala kumiliki, na halina ndani yake mnyororo, kamba wala mjeledi. Linatokana na kitenzi -tuma, yaani kumpeleka mtu mahali ili atekeleze jambo kwa niaba ya anayempeleka, kikiwa katika kauli ya kutendwa, -tumwa. Kwa hiyo maana yake ya asili ni mtu aliyetumwa, basi. Kutokana na kitenzi hichohicho limezaliwa pia neno mtume, ambalo Waislamu hulitumia kwa mjumbe wa Mwenyezi Mungu na Wakristo kwa wale waliochaguliwa na Yesu kueneza habari zake. Irabu -e iliyo mwishoni mwake ni kiambishi cha kale chenye kuonyesha kilichotendwa: kiumbe ni kilichoumbwa, mkate ni kilichokatwa, mteule ni aliyeteuliwa. Mtume naye, kwa maumbo ya lugha, ni aliyetumwa. Lugha moja imechukua tendo moja ikalipa majina mawili, la kwanza likatupwa chini kabisa ya jamii na la pili likapandishwa hadi karibu na kiti cha enzi cha Mungu, na kinachoyatenganisha kwa sikio ni silabi ya mwisho tu.

Ujirani huo si wa kawaida duniani. Majina ya Kiingereza na Kifaransa kwa mtumwa yametokana na jina la Waslavi, watu wa mashariki ya Ulaya waliotekwa na kuuzwa kwa wingi katika zama za kati, hivyo jina la kabila likageuka kuwa jina la hali. Kigiriki kilikuwa na neno doulos kwa mtumwa na apostolos kwa mtume, na la pili tu ndilo lenye maana ya kutumwa. Kiarabu vilevile kina abd, mtumwa au mja, na rasul, mtume, maneno yasiyochangia mzizi. Mfasiri wa Kiswahili, kila alipokutana na jozi hizo, alijikuta ameyaleta pamoja mambo ambayo lugha za asili zilikuwa zimeyatenga, na msomaji wake akabaki na swali ambalo msomaji wa Kigiriki hakulazimika kujiuliza: ikiwa wote wawili wametumwa, ni nini hasa kinachomfanya mmoja kuwa mtumwa na mwingine kuwa mtume?

Nakuru na sehemu za katikati ya Bonde la Ufa zinalikaza swali hili zaidi kuliko Mombasa au Unguja, kwa sababu huko Kiswahili kinaishi nyumba moja na Kikuyu, na Kikuyu kina mzizi huohuo. Kitenzi gũtũma ni kutuma, na kauli yake ya kutendwa imezaa jina mũtũmwo, ambalo kwa umbo ni pacha wa mtumwa wa Kiswahili. Hata hivyo katika Biblia ya Kikuyu mũtũmwo ni mtume. Kitabu cha Matendo ya Mitume kinaitwa kwa jina hilo, na mtumwa kwa Kikuyu ni ngombo, neno lisilohusiana kabisa na kutumwa. Kiganda nacho humwita mtume omutume, na mtumwa omuddu. Katika kanisa la Molo au Njoro ambamo mahubiri ya Kikuyu hufasiriwa papo hapo kwa Kiswahili ili majirani Wakalenjin, Waluhya na Wajaluo wasiachwe nje, mfasiri anayesikia mũtũmwo hana budi kulikwepa neno la Kiswahili linalofanana nalo zaidi kwa sauti, la sivyo atamshusha Paulo kutoka utume hadi utumwa. Jambo hilo linathibitisha kwamba kitenzi chenyewe hakina hatia. Kutumwa si lazima kuwe utumwa. Ni historia ya pwani iliyolipeleka neno huko lilikofika.

Pwani, kwa kweli, haikuwa na neno moja tu. Aliyekamatwa vitani au njiani aliitwa mateka. Aliyezaliwa utumwani, akakulia katika lugha na dini ya nyumba ya bwana, aliitwa mzalia, na alijihesabu kuwa juu ya yule aliyeletwa kutoka bara. Mwanamume aliitwa mtwana, mwanamke mjakazi, na katika neno hili la mwisho wengi hudhani kwamba sehemu ya -kazi ni kazi ya mikono, ilhali ni kiambishi cha kale cha Kibantu chenye kumaanisha mwanamke. Shina la neno ni mja. Mja, ambaye kwa umbo ni mwenye kuja, ni aliyefika bila ukoo wa kumdai, bila mjomba wa kuuliza yuko wapi, na mwanasosholojia Orlando Patterson, katika kitabu chake cha mwaka 1982 kuhusu utumwa duniani kote, aliuona ukosefu huo wa ukoo kuwa ndio kiini cha hali yenyewe kuliko hata kumilikiwa. Anayetoroka aliitwa mtoro, jina ambalo leo limebaki kwa mwanafunzi asiyefika darasani. Na kinyume cha haya yote kilikuwa uungwana, hali ya aliyezaliwa huru, pamoja na uhuru, neno lenye asili ya Kiarabu ambalo kabla ya kupeperushwa na vyama vya siasa na kuandikwa katika kalenda ya mwaka 1963 lilikuwa jambo la mtu mmoja mmoja mbele ya kadhi au bwana wake: fulani ameachwa huru, fulani ameandikiwa hati ya uhuru. James Mbotela alipochapisha kitabu chake Uhuru wa Watumwa mwaka 1934, kuhusu watu waliookolewa majahazini na kukaa Frere Town karibu na Mombasa, alikuwa bado analitumia neno hilo kwa maana yake hiyo ya kwanza.

Haifai kulipamba neno mtumwa kwa sababu asili yake ni ya upole. Mtu aliyetolewa kando ya Ziwa Nyasa, akavushwa baharini na kulimishwa karafuu Pemba au nafaka katika mashamba ya Malindi, hakuwa ametumwa popote. Alikuwa amenunuliwa, na aliyemnunua ndiye aliyekuwa na haja ya kumwita kwa jina lenye kuficha bei. Kauli ya kutendwa ina uwezo huo. Inaruhusu mtendaji aachwe nje ya sentensi, na mtumwa ni neno lililoganda katika kauli ya kutendwa: linasema mtu huyu ametumwa, halisemi ametumwa na nani, wala kwenda wapi, wala kusema nini. Mtume, kinyume chake, hawezi kutajwa kwa muda mrefu bila aliyemtuma kutajwa. Yeye ni mtume wa Mungu, na pia ni mtume kwa watu fulani, na ana ujumbe. Hapo ndipo tofauti inapoanza kuonekana, nayo si tofauti ya unyenyekevu, kwa sababu mtume naye anaweza kuwa mnyonge, maskini na mwenye kupigwa.

Maandiko yenyewe yanaikaribia tofauti hiyo kwa njia ambayo Kiswahili kinaidhihirisha. Mwanzoni mwa Waraka kwa Warumi Paulo anajitambulisha kwa doulos na apostolos katika pumzi moja, na Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952, ile iitwayo Union Version, ikatumia mtumwa na mtume bila kusita, ingawa tafsiri za baadaye ziliona haya zikaweka mtumishi mahali pa neno la kwanza. Katika Injili ya Yohana, sura ya 13, jozi hiyo inarudi Yesu anapofundisha, baada ya kuwaosha wanafunzi miguu, kwamba wala mmoja wala mwingine si mkubwa kuliko yule aliye juu yake. Lakini sura mbili baadaye inafika kauli nzito zaidi, kwamba wanafunzi hawaitwi tena watumwa, na sababu inayotolewa si kwamba kazi yao itapungua, wala kwamba wataacha kutii: ni kwamba mtumwa hajui bwana wake anafanya nini, ilhali wao wameambiwa. Methali ya pwani inalijua jambo hilo kutoka upande wa giza: mtumi wa kunga haambiwi maana. Anayebeba siri ya mwingine hubeba maneno yaliyofungwa, akapita nayo kijiji hadi kijiji kama punda apitavyo na gunia. Kwa hiyo kujua ni mpaka wa kwanza. Mtumwa ni yule anayetumwa bila kuambiwa.

Mpaka wa pili ni kujibu, na hapa Biblia na Kurani zinasimama pamoja. Musa, alipoitwa, alibishana. Alisema hana ulimi mwepesi, na katika Kurani akaomba apewe ndugu yake Haruni, na ombi lake likakubaliwa. Yunus, ambaye Wakristo humwita Yona, hakubishana bali aliondoka, na Surat As-Saffat inapoeleza jinsi alivyokimbilia jahazi lililojaa inatumia kitenzi ambacho Kiarabu hukitumia hasa kwa mtumwa anayemtoroka bwana wake. Nabii mzima anaelezwa kwa neno la mtoro. Hata hivyo alipotapikwa na samaki hakuvuliwa utume, bali alitumwa tena kwa watu laki moja au zaidi. Mtume, basi, anaweza kukataa, kuuliza, kuomba msaidizi, hata kukimbia, na bado mazungumzo kati yake na aliyemtuma yakaendelea, wakati mtumwa akiuliza huitwa mkaidi, na akiondoka hutafutwa kwa mbwa na askari. Waislamu wanapomshuhudia Muhammad kuwa mja wa Mungu na mtume wake, kwa mpangilio huo, wanaunganisha kumilikiwa na Mungu na kupewa neno la kusema. Na hoja ya kale kwamba kila mtu ni mja wa Mungu, kwa hiyo asiwe mja wa mtu, ina nguvu pale tu sehemu ya pili inapokumbukwa. Sehemu ya kwanza peke yake mabwana wa pwani waliiishi kwa raha kabisa, wakiswali safu moja na watwana wao.

Sheria ilikuja na swali tofauti. Serikali ya Kiingereza iliiondoa hadhi ya utumwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897 na katika ukanda wa pwani ya Kenya mwaka 1907, na mara zote mbili kilichofutwa kilikuwa umiliki: mahakama haingetambua tena kwamba mtu mmoja ni mali ya mwingine, na wenye mali walilipwa fidia. Wakati huohuo, ndani ya nchi, jambo jingine lilikuwa linajengwa. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900. Kwa mkataba wa mwaka 1904 Wamaasai waliondolewa katika malisho ya Naivasha na Nakuru, na mlowezi Lord Delamere akapewa ekari 100,000 Njoro. Mashamba ya walowezi yakatandazwa kutoka Naivasha hadi Molo, nayo yakahitaji mikono. Sheria ya mabwana na watumishi ya mwaka 1906, iliyotangulia sheria ya kukomesha utumwa pwani kwa mwaka mmoja tu, ilifanya kuacha kazi kabla ya mkataba kwisha kuwa kosa la jinai. Mtoro, ambaye pwani alikuwa karibu kupotea katika sheria, akazaliwa upya bondeni.

Wengi wa waliokuja kufanya kazi hiyo walikuwa Wakikuyu waliopanda kutoka Kiambu na Murang'a na Nyeri wakiwa na mbuzi na familia zao, wakaitwa skwota. Wao wenyewe walikuwa na neno la kuielewa hali ya kukaa katika ardhi isiyo yao: mũhoi, wingi wake ahoi, mtu aliyeomba na kupewa mahali pa kulima kwa hisani ya mwenye ardhi, kutokana na kitenzi kinachomaanisha kuomba na ambacho pia ndicho cha kusali. Mũhoi aliweza kuondoka alipotaka na alidaiwa heshima, si siku. Skwota alidaiwa siku. Sheria ya mwaka 1918 ilimtaka amfanyie mwenye shamba kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Chini ya ile ya mwaka 1937 mabaraza ya walowezi yaliweza kuzipandisha, na katika miaka ya 1940 zikafika 240 na hata 270, huku mifugo yake ikipunguzwa kwa nguvu, kazi ambayo bondeni ilikuwa imeanza miaka ya 1920 kwa jina linalojieleza, kifagio. Tangu miaka ya mwanzo ya 1920 kila mwanamume Mwafrika mwenye umri wa kuanzia miaka 16 alibeba kipande, karatasi yenye alama za vidole vyake, jina la mwajiri, ujira na tarehe, ndani ya kibweta cha chuma kilichoning'inia shingoni. Bila saini ya mwajiri kwamba amemwachilia hakuweza kuajiriwa kwingine kihalali. Wakikuyu walikifananisha na mbũgi, kengele ya mbuzi. Kurani, inapohimiza kumwacha mtumwa huru, husema kufungua shingo.

Je, huo ulikuwa utumwa? Swali hili halikuulizwa na waliobeba kipande tu. Gavana Edward Northey alipotoa waraka wake wa Oktoba 1919 uliowataka maofisa na machifu kuwahimiza Waafrika wakafanye kazi katika mashamba ya wazungu, maaskofu wa Kianglikana wa Mombasa na Uganda, pamoja na mmisionari John Arthur wa Kikuyu, walijibu kwa kukubali kwamba kazi ya lazima inaweza kuvumiliwa ikiwa itawekewa sheria na mipaka. Frank Weston, askofu wa Unguja, hakukubali. Mwaka 1920 alichapisha kijitabu ambacho kwa jina lake tu kiliwatangaza Waafrika wa himaya hiyo kuwa watwana wa Uingereza waliofungwa na ardhi, na aliandika kama mtu aliyeishi miaka zaidi ya 20 katika nchi iliyojua utumwa kwa macho. Kwamba askofu mmoja aliliona jambo ambalo maaskofu wenzake walilitafutia kanuni ni sehemu ya historia ya makanisa ya Afrika Mashariki isiyopaswa kupitwa haraka. Wizara ya makoloni ilizuia mwaka 1921 matumizi ya nguvu za serikali kuwapatia watu binafsi wafanyakazi, lakini kipande kilibaki shingoni hadi mwishoni mwa miaka ya 1940.

Mkataba wa Shirika la Mataifa wa mwaka 1926 uliueleza utumwa kuwa hali ya mtu ambaye juu yake zinatumika nguvu zote au mojawapo ya zile zinazotokana na haki ya kumiliki. Kwa kipimo hicho skwota wa Elburgon hakuwa mtumwa, kwa sababu hakuna aliyeweza kumuuza. Kwa kipimo kilichomo ndani ya neno la Kiswahili jibu si rahisi hivyo. Neno hilo halimuulizi mtu ni mali ya nani. Linauliza anatumwa na nani, kama ameambiwa kwa nini, na kama anaweza kusema hapana na kuondoka. Hii ndiyo faida ya kifalsafa iliyojificha katika asili ya neno ambalo mabwana walilifanya kifuniko: wao walikwepa kutaja umiliki, na kwa kufanya hivyo wakaacha katika lugha shtaka linalobaki hata umiliki unapofutwa. Aristotle alisema kwamba mtumwa ni chombo chenye uhai. Immanuel Kant, mwaka 1785, alikataza binadamu kufanywa njia tu ya kufikia lengo la mwingine. Na ukoo wa -tuma unayasema yote mawili bila msamiati wa ziada, kwani -tumia ni kufanya kitu kuwa chombo, -tumikia ni kumfanyia mwingine kazi kwa ajili yake, na -tumikisha ni kumshurutisha mtu afanye hivyo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakataza katika kifungu cha 30 utumwa, hali za kutumikishwa, na kazi ya kulazimishwa, mambo matatu yaliyotenganishwa kwa uangalifu wa kisheria. Kwa Kiswahili mawili ya kwanza ni shina moja lililorefushwa.

Shina hilo halijachoka. Mjini Nakuru mhubiri huitwa mtumishi, na huitikia jina hilo kwa fahari, ingawa hakuna atakayemwita mtumwa wa Mungu hata kama Paulo alijiita hivyo. Anayetiliwa shaka katika siasa huambiwa ametumwa, na swali linalofuata daima ni la mtendaji aliyefichwa: na nani? Na mtu anayeamka alfajiri kwenda kwenye mashamba ya maua ya Naivasha au mahali pa ujenzi husema anatafuta kibarua, neno ambalo ni barua ndogo. Pwani, katika karne ya 19, vibarua walikuwa watumwa waliokodishwa mjini kwa siku moja moja, wakagawana ujira na mabwana zao. Leo kibarua ni mtu huru, na anapaswa kuwa hivyo mahali ambapo anaweza kuuliza na kuondoka. Neno lake tu ndilo limesafiri na karatasi yake.

Karatasi ya namna hiyo imo pia katika Agano Jipya. Paulo, akiwa kifungoni, anamrudisha Onesimo, mtumwa ambaye jina lake kwa Kigiriki ni mwenye manufaa, kwa bwana wake Filemoni, na anaandika barua fupi ambayo ndani yake anacheza na jina hilo, anaahidi kulipa kwa mkono wake deni lolote, na kuomba Onesimo apokewe si kama mtumwa bali kama ndugu. Anasema amemtuma. Hasemi popote, kwa maneno ya wazi, kwamba aandikiwe uhuru, na kwa karne nyingi wenye watumwa na wapinga utumwa wameisoma barua hiyohiyo kila mmoja kwa upande wake. Filemoni anasemeshwa, Paulo anasema, kanisa lililo nyumbani mwa Filemoni linasalimiwa. Onesimo, aliyerudi pamoja na barua hiyo njia yote hadi kwenye mlango aliokuwa ameukimbia, hana sentensi hata moja ndani yake, na barua haisemi kama alikuwa ameambiwa kilichoandikwa.